Mnara wa Siloamu na Barabara ya Korogwe



Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, basi dogo aina ya Coaster lilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda mkoani Kilimanjaro. Abiria wake walikuwa wafiwa wanaosafirisha mwili wa ndugu yao kwenda kumzika nyumbani. Walipofika Magira Gereza, wilayani Korogwe, hapa hapa mkoani kwetu Tanga, basi hilo liligongana na lori aina ya Fuso. Taarifa ya kwanza ilitaja watu 17 waliofariki, na katika siku zilizofuata baadhi ya majeruhi nao wakafariki. Nyumba zilizokuwa zinangoja jeneza moja zikaletewa majeneza mengi.

Ndugu msomaji, wafiwa hao walikuwa katika tendo jema. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili, yale tunayowafundisha watoto kabla ya Komunyo ya Kwanza. Walikuwa wameacha kazi zao, wamechanga nauli na rambirambi, wakaingia barabarani usiku ili mpendwa wao asiende peke yake. Wakafia njiani. Ndipo linapokuja swali ambalo kila padre na kila katekista amewahi kuulizwa, mara nyingi kwa sauti ya chini, pembeni ya nyumba ya msiba: kama Mungu ni Baba, tena anaweza yote, kwa nini anaacha watu wake wema wateseke hivi?

Naandika kwa ajili ya waseminari ambao miaka michache ijayo watasimama mbele ya majeneza na kutakiwa kusema neno, na kwa ajili ya waamini watakaolisikia neno hilo. Maoni yangu ni haya: Kanisa linalo jibu la kweli, lakini jibu hilo si maelezo ya kwa nini huyu amekufa na yule amepona. Tukijifanya tunayo maelezo hayo, tunamsingizia Mungu, tunawaumiza waliofiwa, na tunawafungulia mlango wauzaji wa majibu ya uongo.

Majibu matatu yanayozunguka msibani

Jibu la kwanza ni la dhambi. “Lazima kuna kitu walikifanya.” Siku hizi limevaa nguo mpya: hukupona kwa sababu imani yako haba, hukutoa sadaka ya kutosha, hukukanyaga mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakigombea kupita juu ya mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Wale hawakupungukiwa imani. Walikuwa watu wenye shida, wengine wakitafuta uponyaji, wengine riziki, na walikimbilia pale walipoambiwa kwamba Mungu anapatikana upesi. Fundisho linalomwahidi kila mwenye imani afya na fedha lina deni kubwa, na wanaolilipa ni maskini.

Jibu la pili ni la uchawi. Msiba ukizidi, watu huacha kuuliza “kwa nini” na kuanza kuuliza “nani”. Mama mkwe anatazamwa kwa jicho baya, jirani mzee haalikwi tena, ndugu wawili wanaacha kusalimiana. Nasi tunajua kwamba wengi wanaokwenda kwa mganga Jumatatu walikuwa kanisani Jumapili. Tusiwacheke. Wanatafuta maana ya maumivu yao, na mara nyingi sisi tuliwaacha bila kitu cha kushika.

Jibu la tatu ndilo letu hasa, nalo linasikika la kiimani: “Kazi ya Mungu haina makosa.” Husemwa kwa nia njema. Mwenye kulisema anataka kumwambia mfiwa kwamba ulimwengu haujamtoka Mungu mkononi, na hilo ni kweli. Lakini hebu tulisikie kwa masikio ya mjane wa ajali ile. Taarifa ya mkoa ilitaja mwendo kasi na dereva wa lori aliyetaka kulipita gari la mbele bila tahadhari. Je, kupita gari gizani bila kuangalia mbele ni kazi ya Mungu? Tukisema hivyo tumemsafisha mwenye kosa kwa maji ya baraka, na tumemwachia Mungu kesi ambayo si yake.

Yesu alipoulizwa habari za siku ile

Wapo wanaodhani kwamba Injili haizungumzii ajali. Someni mwanzo wa sura ya 13 ya Luka. Watu wanamletea Yesu habari: Pilato amewaua Wagalilaya katikati ya sadaka zao. Yesu mwenyewe anaongeza habari ya pili: mnara wa Siloamu umeanguka na kuua watu 18. Habari moja ni ya ukatili wa mtu, nyingine ni ya jengo lililoporomoka. Katika habari zote mbili anauliza kama waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine, na zote mbili anajibu kwamba sivyo.

Habari ya kwanza nayo tunaifahamu katika nchi yetu. Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013, waamini wa Olasiti, Arusha, walikusanyika kuzindua parokia yao mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Balozi wa Baba Mtakatifu, Askofu Mkuu Francisco Padilla, alikuwapo, na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu alikuwapo. Bomu likarushwa katikati ya watu. Watatu walikufa na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Damu yao ilimwagika mahali pa sadaka, kama ya wale Wagalilaya.

Tuangalie vizuri anachofanya Yesu. Anakanusha kwamba waliokufa walistahili kuliko waliobaki. Hasemi kwamba Baba ndiye aliyeusukuma mnara. Hatoi sababu yoyote ya kwa nini wawe wale 18 na si wengine. Kisha anawageukia walio hai na kuwaita watubu. Yeye aliyejua yote angeweza kueleza, na hakueleza. Mhubiri anayejua sababu ya kifo kuliko Yesu alivyotaka kuisema amepita mpaka wa kazi yake.

Kutaka na kuruhusu

Hapa teolojia inatusaidia, na waseminari wasiidharau. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 309 hadi 314, inafundisha mambo ambayo kila mwamini anaweza kuyaelewa. Mungu hasababishi uovu wa kimaadili kwa namna yoyote ile. Anauruhusu kwa sababu anaheshimu uhuru wa viumbe wake, naye anaweza kutoa jema hata katika jambo baya. Mtakatifu Agostino na Mtakatifu Thoma wa Akwino walifundisha hivyo kabla yetu.

Mfano wa nyumbani: mzazi aliyemfundisha mwanawe kuendesha gari hawezi kukaa naye kiti cha mbele maisha yote akiushika usukani. Akifanya hivyo hana tena mtoto aliyekua, ana mzigo. Mungu alipotufanya watu alitupa usukani kweli. Upendo, uaminifu, sadaka na msamaha vyote vinatoka katika uhuru huo, na ulevi wa dereva na bomu la Olasiti vimetoka katika uhuru huo huo uliopotoshwa. Kumwomba Mungu azuie kila tendo baya ni kumwomba aufute uhuru wenyewe.

Lakini tusiutumie ukweli huu kama kifuniko cha chungu. Neno “ameruhusu” halimfuti mtu machozi. Mama anaweza kuelewa uhuru wa dereva na bado akauliza kwa nini tairi halikupasuka dakika kumi kabla, gari likasimama, wanawe wakapona. Na Katekisimu yenyewe inakiri kwamba hakuna jibu la haraka linalotosha. Jibu ni ujumla wa imani: uumbaji, dhambi, agano, Umwilisho, Msalaba, sakramenti na uzima wa milele. Huwezi kuyasema yote hayo katika dakika tano za mahubiri ya mazishi, na si lazima ujaribu.

Pale ambapo hakuna dereva wa kulaumiwa

Kuna mateso ambayo uhuru wa binadamu hauyaelezi. Tuishuke pwani yetu hadi Bagamoyo. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo, wakawakomboa watumwa na kuwajengea kijiji cha uhuru. Kama kuna kazi ambayo sisi tungetegemea Mungu aizungushie ukuta wa moto, ni hiyo. Lakini haukupita muda kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kikaupiga mwambao. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikaipiga Zanzibar na Bagamoyo na kubomoa majengo ya misheni. Watoto waliokuwa wameponea minyororo ya utumwa wakakutana na tauni na tufani. Makaburi ya wamisionari yapo Bagamoyo hadi leo, na wengi waliolala pale walikufa wangali vijana, kwa homa za pwani.

Nani alikosa? Hakuna. Mtakatifu Paulo katika Waraka kwa Warumi, sura ya 8, anasema kwamba viumbe vyote vinaugua kama mama mwenye utungu. Ulimwengu huu umeumbwa ukiwa njiani kuelekea ukamilifu wake, haujafika. Maji yale yale yanayotuletea samaki yanazamisha jahazi. Mvua ile ile inayostawisha mahindi ya Lushoto inaporomosha udongo juu ya nyumba. Hilo nalo ni maelezo ya kweli, na bado linaacha sehemu ya fumbo ambayo sisi hatuifikii. Ni afadhali kukiri hivyo mbele ya watu kuliko kuiziba kwa maneno.

Wamisionari wale walijibu kwa vitendo. Walizika wafu wao, wakajenga upya, na kufikia mwaka 1877 walikuwa wamepanda bara hadi Mhonda, kwenye milima ya Nguru, kufungua misheni nyingine. Sisi kwetu imani ilifika kwa miguu ya watu ambao Mungu hakuwakinga na homa wala na kimbunga. Basi tusishangae sana tusipokingwa.

Kosa la marafiki wa Ayubu

Mtu ataniambia: lakini Ayubu mwenyewe alisema kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akalihimidi jina lake. Ni kweli. Lakini tuulize: nani alisema? Alisema Ayubu, aliyefiwa watoto kumi. Hakuambiwa na jirani ambaye watoto wake wote wazima. Neno la kujitoa mikononi mwa Mungu ni takatifu likitoka kinywani mwa anayeteseka. Likitoka kwa asiyeteseka, tena kama amri, linageuka jiwe.

Na Ayubu huyo huyo, kuanzia sura ya 3, analalamika, analaani siku aliyozaliwa, anadai Mungu aje wasemezane. Marafiki zake wanamtetea Mungu kwa hoja nzuri sana: Mungu ni wa haki, kwa hiyo lazima ulikosa. Mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale mawakili wake, na anasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Tulitafakari hilo sisi tunaosomea kumtetea Mungu. Mungu alipendezwa na mtu aliyemlalamikia Yeye uso kwa uso kuliko watu waliomsifu kwa kumkandamiza mgonjwa.

Ndiyo maana Kanisa limetuwekea mdomoni Zaburi za maombolezo. Zaburi ya 88, ambayo tunaisali kila Ijumaa katika Sala ya Mwisho ya siku, inaishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni. Kanisa halikuiondoa. Kumwambia mjane “usilie, utamkosea Mungu” ni kuwa mkali kuliko Biblia.

Jibu lenye majeraha

Kama si maelezo, basi jibu letu ni nini? Ni mtu, Yesu Kristo. Tukiuliza kwa nini mwenye haki anateseka, Baba hatujibu kwa hoja, anatuonyesha Mwanawe. Gethsemani Mwana aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Hakuna mwenye kusema kwamba imani yake ilikuwa haba. Kule Bethania, sura ya 11 ya Yohane, Martha alimlalamikia waziwazi kwamba angalikuwapo ndugu yake asingalikufa. Yesu hakumkemea. Alimwambia habari ya ufufuko, kisha akaenda kaburini akalia, ingawa alijua kwamba muda si mrefu angemfufua Lazaro. Kama yeye mwenye uwezo wa kufufua alilia kwanza, sisi tusio na uwezo huo tunaharakisha mahubiri kwenda wapi?

Na Jumapili jioni, baada ya kufufuka, aliwaonyesha mitume mikono na ubavu wake. Ufufuko haukufuta majeraha. Hii ndiyo tofauti ya tumaini la Kikristo na faraja ya “yatapita tu”. Hatusemi kwamba yaliyotokea Magira Gereza hayakuwa mabaya. Yalikuwa mabaya. Tunasema kwamba hayana neno la mwisho, kwa sababu aliyesulubiwa yu hai, naye amewatangulia wafu wetu.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua yake ya kitume juu ya maana ya mateso, *Salvifici Doloris*, tarehe 11 Februari 1984, chini ya miaka mitatu baada ya kupigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Alijua alichokisema. Humo anafundisha kwamba mateso yakiunganishwa na ya Kristo yanashiriki kazi ya wokovu, na anaimalizia njia hiyo kwa Msamaria Mwema: mateso ya jirani yapo pia ili yafungue upendo ndani yetu. Mtu kitandani anaweza kuyatolea maumivu yake, na tumewaona wazee wetu wakifanya hivyo, rozari mkononi. Ila uamuzi huo ni wake na Mungu wake. Mimi niliyesimama pembeni na miguu mizima, sehemu yangu ni ya Msamaria.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tukae. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema: walikaa chini pamoja naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Mababu zetu hawakuhitaji kuambiwa. Matanga yetu ni hayo hayo: watu wanatandika mikeka, wanalala nje, wanapika, wanachota maji, wanamwacha mfiwa alie. Anayekaa matanga kwa moyo amekwisha kumhubiri Mungu aliye pamoja nasi. Frateri atakayetumwa msibani aanze kwa kukaa mkekani, ndipo ashike kipaza sauti.

Pili, tuseme ukweli. Kama aliyekufa ameuawa na uzembe, tusiseme Mungu amechuma ua lake. Tuseme tumempoteza kwa kosa la binadamu, Mungu hakulipenda kosa hilo, na amempokea aliyeonewa. Ukweli huo unamwacha Mungu awe kimbilio la mfiwa, badala ya kuwa mshtakiwa wake.

Tatu, tutubu, kama Yesu alivyosema karibu na habari ya mnara. Toba ina sura ya barabarani pia. Parokia zetu hukodi magari kwa ajili ya hija za Bagamoyo, matamasha ya kwaya, mazishi ya mbali. Nani huuliza kama dereva amelala? Nani anathubutu kusema tuondoke alfajiri badala ya usiku, au kumwambia dereva apunguze mwendo, bila kuonekana mwoga? Kamati inayoomba ulinzi wa Mungu na kujaza watu 40 katika gari la watu 29 inamjaribu Bwana Mungu wake.

Nne, turudi. Siku ya mazishi nyumba hujaa. Baada ya arobaini mikeka hukunjwa, na mjane anabaki na ada za shule na usiku mrefu. Hapo ndipo swali la “Mungu yuko wapi” huuma kweli, na wakati huo hakuna padre wala kipaza sauti. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inayofika mwezi wa nne ikiwa na kilo chache za unga, na mtu mmoja wa kukaa naye jioni, imetoa jibu ambalo sisi wanateolojia hatuwezi kuliandika.

Swali la kwa nini waaminifu wanateseka tutalipeleka wenyewe mbele ya uso wa Mungu, na Ayubu ametufundisha kwamba hatakasirika tukimuuliza. Hadi siku hiyo, tuwalilie wafu wetu, tuwaombee, na tusimfanye Baba aonekane mbaya kwa sababu tu tuliona aibu kukaa kimya.

Raha ya milele uwape ee Bwana, marehemu wote wa barabara zetu.